Mkono Mmoja kwa Wanawake Watatu

Amahoro ya Bwana yawe kwenu, ndugu zangu! Hapana, hiyo amina ni ya watu wenye njaa. Itikieni tena! Haya, sasa nimesikia. Bwana asifiwe sana!

Mimi ni Mama Goreti. Wengi mnanijua, ndimi yule anayeuliza maswali mpaka mchungaji anaangalia saa yake. Leo siulizi kitu. Leo nashuhudia jinsi Bwana alivyoniokoa na kisu cha daktari, na jinsi alivyoniokoa na mdomo wangu mwenyewe. Na nawaambia, huo mdomo ulikuwa hatari kuliko kisu.

Nawarudisha nyuma, miaka michache baada ya uhuru, kabla ya mauaji ya sabini na mbili. Watu walikuwa bado wapo wote. Nilikuwa nakaa Magara, kando ya Ziwa Tanganyika, nimeolewa na mvuvi, na kazi yangu ilikuwa kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwa. Tulikuwa wanawake watatu kwenye mchanga mmoja: mimi, wifi yangu Anastazia, dada mkubwa wa mume wangu, na jirani yetu Mama Zaituni, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka ng'ambo ya ziwa zamani za Wabelgiji. Kila kitu tulifanya kwa kugawana. Mmoja anapokea samaki mitumbwi ikirudi asubuhi, mmoja anatandaza, mmoja anageuza na kufukuza kuku. Mmoja akijifungua, wawili wanamfanyia kazi yake. Sikuona ubaya wowote katika kugawana. Hata leo siuoni, isipokuwa kwa jambo moja tu, na ndilo hili ninalolileta mbele yenu.

Basi wakaja watu wa sindano. Walikuja na gari na kipaza sauti, wakasema kila mtu, mkubwa na mdogo, achanjwe sindano ya kuzuia kifua kikuu. Ukishachanjwa unapewa fishi, karatasi yenye jina lako na muhuri, na bila fishi hakuna kuingia sokoni Rumonge. Tena wakasema atakayedanganya na fishi atalala kasho, yaani gerezani. Hilo neno la kasho lilisemwa mara mbili, nami nililisikia vizuri masikioni mwangu.

Lakini ndugu zangu, ziwa wiki ile lilikuwa limefungua mkono! Ndagala walikuwa wanakuja mitumbwi imejaa mpaka inataka kuzama. Na waliokuwa wamekwisha kuchanjwa walirudi wanalalamika: mkono unauma, mkono ni mzito, haunyanyuki. Anastazia akaweka mikono kiunoni akasema, "Sisi watatu wote mikono ikiuma, hizi samaki nani atageuza? Zitaoza hapa hapa." Mama Zaituni akaitikia, "Kweli, Anastazia. Mutu mumoja aende, wawili wabaki."

Mnaona tulivyofikiri? Tuligawana sindano kama tunavyogawana kuteka maji! Na aliyejitolea ni mimi. Hakuna aliyenisukuma. Nilitaka kuona hiyo sindano inafananaje, inaingia vipi, dawa yake ni ya rangi gani. Huo udadisi wangu, Mungu ndiye aliyeniumba nao, lakini siku ile niliutumia vibaya.

Siku ya kwanza nilichomwa pale pale Magara, kwa jina langu. Siku ya pili nikapanda lori mpaka Gitaza, nikachomwa kwa jina la Anastazia. Siku ya tatu nikashuka mpaka Gatete, nikafunga kitambaa kichwani vizuri, nikajiita kwa jina la Mama Zaituni. Karani akainua macho, akanisalimia, "Asalaam aleikum, mama." Nami mwanakwaya, mpiga tari, nikamjibu, "Waaleikum salaam," bila hata kupepesa jicho! Mstari ulikuwa mrefu, wachomaji walikuwa wanaharakisha, mimi nilivuta kitenge nikafunua begani sehemu ndogo tu, kiasi cha kiganja. Sindano zote tatu ziliingia mkono wa kushoto, moja chini ya nyingine. Jioni ile nikagawa fishi. Tukacheka, tukala ugali, tukaenda sokoni na samaki zetu kavu. Wajanja sisi!

Wiki zikapita. Mahali pa sindano pakavimba, pakapasuka, pakatoa usaha. Nikasema ndiyo dawa inatoka. Halafu asubuhi moja namnyonyesha mtoto wangu Goreti, wa miezi minane, nikasikia kitu kwapani kushoto. Mtoki. Mgumu, mkubwa kama kokwa la mchikichi. Baada ya siku kadhaa ukawa kama yai la kuku. Na mwingine mdogo ukatokea hapa juu ya mtulinga, upande ule ule. Jasho likawa linanitoka, sijui ni la homa au la woga.

Hapa lazima niwaambie jambo moja ili mwelewe woga wangu. Kabla ya Goreti nilikuwa na mtoto wa kwanza, Emanueli. Alipokuwa na umri ule ule, niliugua, nikalazwa hospitalini, yeye akabaki kwa bibi yake anapewa uji. Aliukataa. Akaharisha. Niliporudi nilikuta kaburi dogo, na maziwa yangu bado yanatoka. Ndugu zangu, hayo siwezi kuyasema mara mbili. Basi nilipoushika ule mtoki kwapani, sikufikiri kifo changu. Nilifikiri uji.

Mume wangu akanipeleka zahanati, na zahanati wakaniandikia niende hospitali kubwa Bujumbura, yenye mashine ya kupiga picha ndani ya kifua. Nikafunga mtoto mgongoni, tukaenda.

Nani kati yenu amewahi kuona ndani yake mwenyewe? Mimi nimeona! Walinisimamisha kifua kimegusa ubao wa baridi, wakasema usipumue, kitu kikalia kwa ndani, kimya, wakasema pumua. Imekwisha. Halafu daktari akaining'iniza picha mbele ya mwanga. Alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye miwani, anasema Kifaransa tu, na mwuguzi mmoja aitwaye Silvesta, mtu wa huku kwetu pwani, ndiye aliyekuwa ananieleza. Nikasahau hata kuogopa. Nikauliza, "Hizi ni mbavu?" Ni mbavu. "Na hiki cheupe katikati?" Silvesta akasema, "Ni moyo yako, mama." Moyo wangu! Nilidhani ni mkubwa zaidi, kwa makelele yote unayonipigia.

Daktari hakucheka. Akaweka ncha ya kalamu upande wa kwapa, halafu juu ya mtulinga. Palikuwa na vivuli, vya mviringo, upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu. Akasema maneno mengi. Silvesta akanigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, daktari anasema mapafu iko safi. Lakini hizi tezi zimevimba sana. Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi. Inaweza kuwa ugonjwa mubaya kuliko huo. Siku ya Alhamisi atakata aone ndani. Halafu utabaki huku kwa nyumba ya wagonjwa wa kifua."

"Miezi mingapi?"

"Mingi."

"Na mtoto?"

Silvesta akaangalia chini. "Mutoto hawezi kuingia mule."

Halafu daktari akauliza swali. Nalikumbuka mpaka leo. Aliuliza kama nimechanjwa sindano yoyote siku za karibuni. Silvesta akanitafsiria. Na mimi, Mama Goreti, niliyeokoka, nikasema, "Hapana."

Akaangalia mkono wangu. Akaona yale makovu matatu, bado mabichi. Akauliza ni ya nini. Nikasema nilikuwa nachemsha mawese, mafuta yakaniruka. Akayaangalia tena, akamuuliza Silvesta kitu. Silvesta akaniuliza polepole, "Mama, anauliza, hayo mafuta yaliruka namna gani hata yakajipanga mustari?" Nikavuta kitenge nikafunika bega. Akauliza tena, mara ya pili, kama kuna sindano. Nikasema tena, "Hapana."

Kwa nini nilisema uongo? Niliogopa kasho. Niliogopa kumtaja wifi yangu, maana dada wa mume ukimtaja vibaya ndoa yako inaanza kuwasha. Niliogopa Mama Zaituni ataitwa mwongo kwa jambo nililolifanya kwa jina lake. Na sikujua, ndugu zangu, sikujua kabisa kwamba sindano ya mkono na mtoki wa kwapani vinajuana! Mimi niliona daktari anauliza tu kama karani, ili aandike.

Nikatoka nje na mtoto. Nyuma ya hospitali palikuwa na mahali wauguzaji wanapopikia, mafiga mengi na moshi. Nikapiga magoti pale kwenye majivu, nikaomba. Nikasema, "Bwana, ondoa hivi vivuli! Bwana, usinitenge na mtoto huyu!" Nikaomba kwa nguvu mpaka mama mmoja aliyekuwa anakoroga maharage akaacha mwiko akanitazama. Lakini maombi hayakwenda.

Na mimi kama mnavyonijua, nikaanza kuuliza. Nikajiuliza, Bwana hajui kilichotokea Gitaza? Anajua. Hajui nilichojibu kule Gatete? Alinisikia. Sasa ni nani asiyejua? Ni daktari tu. Na ni nani aliyeshika kisu? Ni daktari huyo huyo! Kumbe namwomba Mungu amfunulie mtu jambo ambalo nimeliziba kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijisikia mjinga, ndugu zangu. Nilijisikia mjinga, na wakati ule ule nikasikia amani, sijui niieleze vipi. Goreti alikuwa ananivuta nywele. Nikainuka na majivu yangu magotini.

Niliingia bila kubisha hodi. Nikamwambia Silvesta, "Mwambie daktari nilidanganya. Nilichanjwa. Si mara moja. Mara tatu, siku tatu, mkono huu huu, Magara, Gitaza na Gatete. Zile fishi mbili si zangu, ni za wenzangu wawili tunaoanika nao ndagala mchangani. Kama ni kasho nipelekeni, lakini nipelekeni na mtoto wangu."

Silvesta akamgeukia daktari. Akatafsiri. Daktari akavua miwani. Akamwambia Silvesta aniulize tena: mara ngapi? Nikainua vidole vitatu. Akavaa miwani, akaenda kwenye picha, akarudi kwenye mkono wangu, akahesabu makovu, akarudi kwenye picha. Alikuwa kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mfukoni. Halafu akaanza kunigombeza kwa Kifaransa! Loo! Sikuelewa hata neno, lakini ugomvi hauhitaji mtafsiri. Nami nilikuwa nalia na kuchekelea kwa pamoja, maana nilimwona ameiweka chini kalamu ya kuandika kisu cha Alhamisi.

Akiisha kutulia akaeleza, na Silvesta akanieleza kwa maneno yetu. "Iko hivi, mama. Tezi ya kwapani iko kama nyinyi wanawake wa mchangani. Kitu kikiingia kwa mukono, yeye ndiye anapokea, anachambua. Sindano moja ni kitunga kimoja. Wewe umemupelekea vitunga vitatu kwa siku tatu. Atakosa kuvimba?"

Nikauliza, "Basi kwa nini picha haikusema hivyo?"

Daktari alipotafsiriwa swali langu, kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akasema tezi inayofanya kazi na tezi yenye ugonjwa kwenye picha zinafanana. Picha inaonyesha uvimbe, haionyeshi sababu. Ndiyo maana yeye anauliza: mkono upi, lini, mara ngapi. Nikamwambia ana haki kabisa, na nikamwomba msamaha.

Lakini hakuniambia nimepona, hapana. Alisema, "Tusubiri." Alisema kisu kingoje, nirudi baada ya miezi miwili apige picha nyingine. Kama ni kazi ya sindano itapungua yenyewe. Kama haipungui, basi ni kile alichokisema kwanza, na nyumba ya wagonjwa wa kifua iko pale pale. Na akaongeza jambo lililonichoma. Akasema, "Hao wanawake wawili wana karatasi, hawana kinga. Kikohozi cha kifua hakisomi karatasi."

Nikarudi Magara. Nikawakuta kwenye mchanga, nikasema yote. Anastazia akatupa ufagio. "Umetuuza! Umeenda kututaja kwa Wazungu!" Hakusema nami siku nne. Alikuwa akipita anageuza shingo kama hanioni, na tunaanika samaki kwenye mchanga mmoja! Mama Zaituni yeye alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo mimi nimechomwa Gatete na sikusikia hata uchungu! Na salamu ulijibu vizuri?" Nikamwambia nilijibu vizuri. "Basi," akasema, "kesho naenda mwenyewe na mukono wangu." Akaenda. Na siku ya tano Anastazia akanikuta natandaza, akasema bila kuniangalia, "Nipeleke." Kwenye zahanati alinishika mkono kwa nguvu, huyu mama aliyekuwa anatisha kijiji kizima, kumbe alikuwa anaogopa sindano tangu mwanzo! Kazi ilikuwa sababu tu. Mwuguzi akachana zile fishi za uongo, akaandika mpya, akatuambia maneno makali yanayotustahili. Kasho hakuna aliyelala. Kila mmoja mkono ulimwuma siku mbili, nikageuza ndagala zake mimi, na kuku wote wa Magara nikawafukuza mimi.

Lakini ile miezi miwili, jamani! Kila asubuhi kabla ya sala nashika kwapa. Yai. Wiki nyingine, yai bado. Nikasema Bwana, nimesema kweli, mbona yai? Nilijifunza kwamba kusema kweli si kununua kitu dukani, unatoa huku unapokea kule. Nilisema kweli kwa sababu ni kweli, na uvimbe ukabaki na siku zake. Usiku nilikuwa namnyonyesha Goreti hata kama hakuomba. Nilikuwa nawaza, akinenepa sasa, atavumilia uji. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri.

Halafu siku moja nikashika nikakuta kokwa la mchikichi. Nikashika tena, nikadhani nimekosea mahali. Wiki ile nyingine, punje kubwa ya haragwe. Ule wa juu ya mtulinga nikautafuta, sikuuona.

Tulirudi Bujumbura watatu: mimi, Goreti, na Anastazia aliyesema lazima aje, kama mimi ni mgonjwa wake. Nikampa mtoto abaki naye nje. Ubao wa baridi, usipumue, kitu kikalia, pumua. Daktari akaning'iniza picha mbili, ya zamani na mpya, bega kwa bega. Nikamwambia Silvesta, "Asiseme yeye. Niache nitafute mwenyewe." Daktari akakubali, akanipa kalamu yake. Nikaenda mbele ya mwanga, moyo ukinidunda, ule ule mdogo. Nikaweka ncha pale juu ya mtulinga: hakuna kitu. Nikaweka kwapani: palikuwa na kivuli chepesi, kidogo, lazima uambiwe ndipo ukione. Nikageuka. Daktari alikuwa anatingisha kichwa kukubali.

Nikauliza, "Na kisu?"

Silvesta hakungoja hata kutafsiri. Nje tulikuwa tunasikia mtoto analia, na Anastazia anamwimbia wimbo usiomfurahisha mtu yeyote. Akasema, "Mama, kisu gani tena? Mutoto iko nalia. Nenda umunyonyeshe."

Haleluya! Nilikaa kwenye ngazi ya hospitali mbele ya watu wote, nikamnyonyesha binti yangu upande wa kushoto. Alinyonya mpaka akatosheka akaanza kunichezea kidevu. Anastazia alikuwa analia kuliko mtoto.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu wangu, na namshukuru daktari yule aliyeuliza mara mbili. Murakoze, Bwana, murakoze cane! Na wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu kimevimba mahali, mwilini au rohoni, na unakifunika kwa kitenge kwa sababu ya aibu, njoo leo. Mtegemee Bwana, hana kasho kwa mtu anayekuja mwenyewe. Omba, funga, piga magoti hata kwenye majivu. Halafu inuka uende kwa daktari, na akikuuliza ni mkono upi, mwonyeshe.